Pua ya Waceke

Huko Moiben mkulima akinunua dawa ya mahindi hakusumbuka kusoma lebo. Aliipeleka kwa Waceke, mwenye duka la dawa za shamba, ambaye pua yake ilisifiwa hadi mji wa Turbo. Waceke angefungua kopo, ainame, avute pumzi mara mbili, kisha atoe hukumu: hii ya kweli, hii umeuziwa maji. Hakukosea, na sifa zikamlevya. Miaka kumi na minne alinusa, akapima dawa kwa mikono mitupu na kula chapati papo hapo kwenye kaunta.

Msimu uliopita ufizi wake ukaanza kuvuja damu. Madoa mekundu yakamtoka miguuni, na ngazi tatu za mlango wa duka zikamshinda. Mumewe, Kinuthia, akampeleka hospitali Eldoret, madaktari wakamtoboa mfupa wa nyonga kuchukua uboho. Daktari Jemutai akautaja ugonjwa, anemia ya aplastiki, akaufafanua: kiwanda cha damu mwilini kimefungwa. Bila matibabu hangeuona mwaka mpya.

Yakaja maswali. Aliwahi kuugua ini? Alimeza dawa gani? Aliwahi kutibiwa kwa mionzi? Waceke alijibu hapana kwa yote. Na kazi? Akasema ana duka tu. Kinuthia akakohoa, naye Waceke akamkata jicho. Alijua akisema ukweli pua itastaafishwa, na bila pua yeye ni nani Moiben? Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilishabisha hodi.

“Daktari, mimi hunusa dawa za shamba,” akasema hatimaye. “Kila siku.”

Jemutai hakumkaripia. Alieleza kwamba huenda ni kemikali, huenda sivyo. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Kinga ya mwili yenyewe hugeuka ikaushambulia uboho. Ila kemikali za aina hiyo zinashukiwa, kwa hivyo asizinuse tena maishani. Angepewa dawa za kutuliza kinga, na angehitaji damu ya watu, tena nyingi.

Kinuthia akapiga simu moja tu nyumbani. Asubuhi lori la mahindi likaingia mjini limejaa wakulima, Mzee Kigen mbele kabisa, mkono wa shati umeshakunjwa. Waceke alipowaona dirishani alilia bila aibu. Hawakuuliza kama pua itarudi kazini.

Mwezi wa saba wa matibabu Jemutai aliisoma karatasi ya vipimo mara mbili, kisha akacheka. Kiwanda kilikuwa kimefunguliwa.

Siku Waceke alipofungua duka tena, rafu za dawa zilikuwa tupu. Alibakiza mbegu na chumvi ya ng'ombe. Watu walijaa kumpa pole. Mzee Kigen, mazoea yana taabu, akaweka kopo jipya kwenye kaunta.

“Mama, ninusie hii kidogo tu.”

Waceke hakuligusa kopo.

“Rudisha kwa aliyekuuzia, Mzee, akuonyeshe lebo na risiti. Pua yangu imestaafu. Hii damu mlinipa nyinyi, siwezi kuichezea.”

Mzee akainamisha kichwa, kisha akaanza kupiga makofi, na wengine wote wakafuata. Waceke akamsindikiza hadi nje, akashuka ngazi tatu bila kushika ukuta, akazipanda tena mbio.