Nukta Inayopungua Nusu

"Zima simu, Baba Watoto. Mwanga wake utaniharibia kazi."

Mumewe hakuzima. Alimulika chini ya meza, akamulika nyuma ya pazia jeusi, na kwa mazoea yake yote ya ufundi bomba, ya kutafuta panapovuja, hakuona kitu ila nyaya.

"Koti hili la nani?"

"La maabara. Linavaliwa na kila mtu."

Akalinusa. Mkewe, fundi wa hadubini hapo, aliona aibu kwa niaba yao wote wawili. Jana mume huyu alikuwa amempa la kuchagua: kazi au nyumba, maana hajawahi kusikia mke wa mtu akijifungia gizani mchana kutwa na mkuu wake wa kazi, eti sayansi. Leo akaja bila hata hodi, kumbe mkuu huyo, Daktari, ametoka.

"Haya, kaa basi, uone ninachofungiwa nacho humu," alimwambia kwa hasira.

Simu ikazimwa. Kwenye skrini zikabaki nukta za kijani, nyingi, ndogo mno.

"Kila nukta ni kimeng'enya kimoja, tumekitia rangi. Kinaushika uzi wa DNA, kinaukata, kinaondoka zake."

"Unajuaje ni kimoja?"

Swali lilikuwa zuri, likampunguzia hasira. "Rangi ikimulikwa sana hufa. Nukta ikizimika ghafla, kilikuwa kimoja. Ikipungua nusu kwanza, ujue vilikuwa viwili, vimebanana."

Mume akavuta kiti. Akajichagulia nukta yake, akaikodolea macho bila kupepesa. Haukupita muda, ikapungua nusu.

"Viwili!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Na wewe uliniambia kimoja."

"Ndiyo maana nashinda humu. Siamini hata nukta moja mpaka izimike."

"Kumbe tunafanana."

Mke akacheka bila kutaka, na kwa mara ya kwanza tangu jana akaona huenda yataisha.

Mlango ukagongwa taratibu. Chumba hakikutosha watu watatu, kwa hiyo Daktari alikuwa na kawaida ya kuuliza kabla ya kuingia.

"Uko peke yako?"

Kicheko kikamkauka. Gizani, mkono wa mumewe ukamshika, si kwa nguvu, ukimzuia asijibu. Kwenye skrini ile nusu iliyobaki ilikuwa bado inawaka.