Mnyororo wa Saa ya Rashidy

Haya alinisimulia Tunu, mke wa Kasmiri wa Mbekenyera, mwaka 2006, tukibangua korosho kwangu Lionja.

Marehemu Rashidy alikuwa refa wa mpira hapa kwetu. Alikuwa na saa ya zamani ya chuma, yenye visaa vitatu vidogo ndani yake, na ukibonya kitufe cha pembeni mshale unakimbia kupima dakika. Alipofariki mwaka 1995, mtani wao Kasmiri akaja msibani, akafanya kama watani wafanyavyo: akaidaka ile saa. Shehe, mdogo wake marehemu, naye akaishika. Wakavutana mbele ya waombolezaji mpaka pini za mnyororo zikachomoka. Saa ikabaki kwa Shehe, mnyororo kwa Kasmiri.

Sasa, alichochukua mtani msibani hakinyang'anywi. Shehe akapeleka jogoo wa kuukomboa. Kasmiri akamla jogoo, ndipo akasema, "Ulitoka kwa msiba, utarudi kwa msiba. Subiri kwangu afe mtu."

Basi Shehe akaifunga saa kwa mpira wa baiskeli. Akazunguka kwa mafundi, Nachingwea na Ruangwa. Kila mnyororo aliojaribu uliacha upenyo, punje ya ufuta inapita. Ule wa asili vichwa vyake, zile ncha mbili za kushika saa, vilipindwa kufuata tumbo la saa ile ile. Kasmiri naye akatia saa nyingine kwenye mnyororo wake, ikawa inacheza kama jino la mtoto. Akauvaa mtupu. Mtu akimuuliza saa ngapi, anautazama kwa makini, anajibu kuwa saa yenyewe iko Lionja, akaulize huko.

Kwa kina Kasmiri hawafi ovyo. Mzee aliyebaki ni mama yake, Bibi Teodosia, na Shehe akawa anafuatilia kikohozi chake. Bibi akiumwa tumbo, Shehe huyo, kafika na muhogo wa mgonjwa, anatoa pole huku macho yako mkononi mwa Kasmiri. Kuna siku bibi alijikwaa tu kidole, akamkuta mtani uani ameshavaa kanzu.

Mwaka 2005, siku moja mchana, bibi ana mafua, Shehe akaingia tena. Bibi akaketi kitandani.

"Mtani, umekuja kunijulia hali au kunipima dakika?"

Shehe akasema amekuja kumwombea apone.

"Muongo wewe. Ile saa ni ya kaka yako, najua inakuuma. Lakini nimechoka kupona mbele yako. Tunu, lete shuka."

Akajilaza, akajifunika gubigubi, akamwamuru mkwewe alie. Tunu anasema alilia kweli, ila kicheko kilimponyoka katikati. Kasmiri, aliyekuwa pembeni, akaanza kubisha kwamba maiti hatoi amri.

Sauti ikatoka chini ya shuka: "Mama yako nimekufa, na wewe unabishana?"

Kasmiri alipogeukia kitanda, Shehe akauchomoa mnyororo mkononi mwake. Pini alikuwa nazo mfukoni. Vichwa vikakaa kwenye saa, tak, pasipo upenyo. Shehe akaifuta saa kwa kanzu, akafuta na macho. Kasmiri alikuwa amenuna, lakini akanyoosha shingo kutazama.

"Hawa wameoana," akasema.

Tunu akapika ugali na kisamvu, wakaita chakula cha matanga. Baada ya kula Kasmiri akalala mkekani, Shehe kando yake na saa yake mkononi. Tunu naye akajinyoosha. Maiti akadai ukoko, akautafuna taratibu peke yake, akawasikiliza watani wakikoroma kwa zamu, kisha naye akalala.