Viti vya Chumba cha Pasi

Chumba cha pasi kilikuwa na wanawake sita, madirisha mawili na mlima wa shuka za hospitali ambao haukuwahi kuisha. Meza zilikuwa fupi, za kuinamia, kwa kuwa zilinunuliwa kutoka shule ya chekechea iliyofungwa. Viti vyake havikununuliwa. Ukutani palikuwa na kibao: HAIRUHUSIWI KUKAA. Mwenye kiwanda cha kufulia aliamini kwamba mtu akikaa husinzia.

Asubuhi moja binti aliingia na kamera, akawaamkia wote mmoja mmoja, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa akitengeneza filamu ya watu halisi, na alijiwekea sharti moja: kamera isitoke kwenye ndoo, wala isiinuliwe.

Shangazi yake alikuwa akipiga pasi kwenye meza ya katikati tangu binti huyo hajazaliwa. Mchana alikuja kuchungulia kioo cha kamera.

"Hii ni aproni."

"Ndiyo, shangazi."

"Na hii?"

"Aproni ya Mama Kicheko."

"Sasa bibi yako ataniona wapi humu? Anataka kuniona kazini kabla macho hayajazima kabisa. Inua hicho kidude, mwanangu."

"Nikiinua itakuwa filamu kama nyingine zote. Ukijibana ndipo unapoona kitu ambacho hukukitafuta."

"Mimi nimeona aproni."

Mama Kicheko alicheka hadi akaweka pasi pembeni. "Mwache mtoto. Acha na tumbo langu lipate umaarufu."

Shangazi hakutaka kumharibia mtoto wa kaka yake kazi, wala kumnyima mama yake. Alifikiri kwa muda wa kunyoosha foronya moja. Kisha akakusanya gauni kwa nyuma, kama mtu anayeingia kwenye benchi, akakaa. Chini yake hapakuwa na kitu. Magoti yakatulia, uso ukaingia kwenye picha, naye akavuta shuka nyingine.

"Pakoje?" aliuliza Mama Kicheko.

"Pagumu kidogo, lakini panabeba."

Kabla ya chai ya alasiri wote walikuwa wamekaa. Binti aliangalia kama taa nyekundu ya kamera inawaka. Ilikuwa inawaka.

Msimamizi alikuja na ufagio. Alikuwa mtu mwema. Kila mwaka aliwaombea viti, na kila mwaka alirudi akitazama viatu vyake. Alisoma kibao, akawatazama wanawake, akapitisha ufagio chini yao.

"Samahani mama, inua mguu kidogo."

Ufagio haukugusa kitu.

"Kiti hakuna," alisema, uso umemng'aa. "Kwa hiyo hakuna aliyekaa." Akaenda kuchukua kikombe chake, akarudi kukaa pembeni mwao.

Filamu ilipokamilika, binti aliipeleka nyumbani kwa bibi yake, akamsogeza hadi pua karibu iguse kioo. Bibi alipapasa uso wa mwanawe kwenye kioo, kisha vidole vikashuka taratibu hadi kwenye magoti yake.

"Kumbe anakaa," alisema. "Na mimi silali nikiiwaza miguu yake." Usiku ule alilala mapema.

Mwenye kiwanda naye aliiona. Alipiga makofi, akataka kuiona tena, akampigapiga msimamizi begani kwa furaha.

"Unaona? Na wewe kila mwaka viti, viti! Vya nini sasa?" Akaagiza kibao kipakwe rangi upya, kwa sababu kwenye picha kilionekana kimefifia.

Binti aliiacha ndoo pale pale, maana ilikwisha kuzoeleka.

Wiki iliyofuata aliletwa mfanyakazi mpya, mama wa makamo. Alisoma kibao, akasimama. Asubuhi nzima aliinamia meza ya mwisho, akihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Shangazi alimtazama viatu, jinsi visigino vya miguu vilivyokuwa vimeanza kuvimba na kutokeza nje. Akajisogeza upande mmoja, akapangusa hewa kwa kiganja.

"Njoo, dada," alisema. "Tutabanana."