Ncha Zilizopasuka

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ujinga wenyewe niliutembeza kifua mbele.

Karakana ilikuwa yangu na shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye ananunua vifaa, mimi nakereza vyuma kwenye mashine. Asubuhi hiyo nilikuwa na shafti, ule mhimili unaozungusha mashine ya kusaga, chuma kigumu kuliko kichwa changu, na mwenyewe, mama mmoja wa makamo, amekaa pembeni anaisubiri. Pampu ya maji ya kupozea ilikuwa imekufa. Nikaona mimi si wa kushindwa na pampu. Nikajaza kopo yale maji ya mafuta, meupe kama maziwa, nikaendelea na kazi. Nikiona moshi, namwaga. Ukirudi, namwaga tena.

Ncha ya kukatia, kile kipande kidogo kigumu kinachochonga chuma, ikamenyeka. Nikafunga nyingine, nayo ikamenyeka. Ya tatu ikavunjika kabisa.

"Mama, usinilaumu mimi," nilisema kwa sauti ya mnadani, nikimwonyesha shemeji kwa kidole. "Mlaumu huyu bwana. Ananunua ncha feki, chenji anajua mwenyewe inakokwenda. Tapeli wa ukoo huyu. Hata dada yake nilipewa bila risiti."

Wachomeleaji wa jirani wakacheka. Shemeji hakucheka. Alipopita mbele ya yule mama, mama akavuta mkoba wake akaupakata.

Shemeji alitoa ncha mpya kwenye pakiti ile ile niliyotumia mimi, akaifunga, akapunguza mwendo wa mashine, kopo langu akalisogeza kwa mguu. Akakereza bila maji. Maganda ya chuma yalitoka yamejikunja, ya buluu kwa moto, na ncha ikafika mwisho wa shafti ikiwa nzima, imelika kidogo tu ukingoni.

"Kwa hiyo maji ni mabaya?" nikauliza, ubishi haujaniisha.

"Maji ni mazuri yakimiminika bila kukatika. Wewe unaiacha ncha iive, ndipo unaimwagia. Inapata moto, unaimwagia tena. Glasi haivumilii hivyo, na hii nayo haivumilii."

Akaniwekea ncha zangu kiganjani. Zilikuwa na nyufa nyembamba zilizojipanga kama meno ya kitana. Masikio yakaniwaka moto, na hapakuwa na wa kunimwagia kopo.

Nikamfuata nyuma ya mashine, alikokuwa anajifuta mikono, nikamnong'oneza. "Shemeji, nisamehe. Ule ulikuwa utani tu. Yaishe hapa hapa."

"Yapi?"

"Hayo ya... utapeli."

"Sikusikii."

Nikachungulia. Mama bado kaukumbatia mkoba. Wachomeleaji wameegemea mlango, wametega masikio. Nikainama karibu zaidi. "Nimesema nisamehe. Tusiwape watu cha kusema, bwana."

Shemeji akatundika kitambaa chake msumarini.

"Uliponiita tapeli, sauti yako ilifika barabarani. Samahani ndiyo haiwezi kuvuka mashine?"