Barua Naipokea, Jiwe Hapana

Mzee Isdori, mshenga wa Adolfu, alifika nyumbani kwetu Pito, kijiji kilicho mbali na bahari, Jumamosi asubuhi akiwa na barua ya posa na kitu kizito kilichofungwa kwenye kanga. Baba alimkaribisha sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni, masikio yangu yakiwa mlangoni.

"Edith, maji yamechemka zamani," shangazi Bertilla aliniambia. "Au unangoja yakauke ndipo uolewe?"

Niliipua sufuria. Shangazi huwa simjibu, nacheka chini chini tu.

Nyumbani kwetu msichana huulizwa mara moja, mbele ya wote, kama anapokea kilicholetwa. Akinyamaza, amekubali. Akikataa, mshenga hubeba kila kitu na kurudi nacho. Nilipoitwa niliingia na shangazi, nikapiga magoti, nikamwamkia mgeni, naye akafungua kanga.

Lilikuwa tumbawe, tawi zima, jeupe kama sembe.

"Adolfu alikwenda semina Tanga, akalinunua ufukweni," alisema kwa fahari. "Amesema binti alisomea mambo haya chuoni, atafurahi."

"Miaka mitatu tumelima mahindi ili asome mawe," alisema shangazi. "Leo angalau tumeliona moja."

Baba aliliweka juu ya kabati, kando ya sanamu ya Bikira Maria. "Haya, mama. Unapokea?"

Adolfu nilimpenda, na kunyamaza kungetosha. Lakini ningelipangusa vumbi tumbawe lile maisha yangu yote, nikijua lilivunjwa likiwa hai.

"Barua naipokea," nilisema. "Jiwe hapana."

Mzee Isdori aliweka chini kikombe cha chai. "Mjukuu wangu, ushenga nimeufanya miaka ishirini. Sijawahi kurudishiwa nusu."

"Si jiwe, babu," nilisema, macho kwenye mkeka. "Limejengwa na wanyama wadogo sana. Wakiwa hai lina rangi, na samaki huzaliana humo. Bahari ikizidi joto linapauka, linakufa. Mengine wavuvi wanayalipua kwa baruti. Yanayosalia ndiyo tunayavunja tuyapambie makabati."

Shangazi alisogea kulitazama vizuri. "Kwa hiyo hii ni mifupa."

"Ndiyo, shangazi."

"Kijana ameleta maiti kwenye posa."

Baba alikohoa kuficha kicheko, akaliondoa karibu na Bikira Maria.

Mzee Isdori hakucheka. Alisema hawezi kuamua jambo la namna hii peke yake, akampigia Adolfu, na kwa kuwa hasikii vizuri, akafungua spika ya simu.

"Wewe umekubaliwa," alimwambia. "Jiwe limekataliwa. Sema mwenyewe kama tunaendelea."

Niliinua macho kutoka kwenye mkeka, nikaitazama simu.

"Nimelipakata kwenye basi siku mbili," Adolfu alisema. Nilipewa simu. "Edith, nikilirudisha baharini litapona?"

"Halitapona."

"Nilikuwa nimemwagiza muuzaji mengine mawili. La mama yako na la shangazi."

"Ameshayavunja?"

"Alisema atazamia Jumatatu."

"Mpigie leo. Mwambie aache."

Niliogopa kwamba nimezidisha, kwamba mwanamume hapendi kuamrishwa kabla hata barua haijasomwa.

"Sawa, mke wangu," alisema. "Nampigia sasa hivi."

Sebule nzima ilisikia. Nilijifunika uso kwa kanga, na shangazi akamwinamia Mzee Isdori.

"Mwambie na la kwangu abadilishe. Alete mbuzi. Huyo akifa, tunajua la kufanya."