Taa za Mke Mwenza

Siku mume wake alipofariki, gari lilikuwa limeegeshwa uani, pua imeelekea dirisha la jikoni, taa zote zinawaka. Mume alikuwa ameingia ndani kufuata miwani. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaze kamba za viatu, akafunga cha kushoto, na hakuinuka tena. Mke alikuwa jikoni akisugua sufuria iliyoungua. Aliona mwanga ukutani ukikatika, akasema kwa sauti, "Umezima taa, na injini je?" Injini ilikuwa bado inanguruma. Ndipo alipokwenda chumbani.

Tangu siku hiyo taa za gari hazikuwaka.

Lilikuwa gari la zamani, lenye taa za mbele za mviringo, bampa za chuma king'aacho na waya zilizovikwa kitambaa. Mume alilinunua kabla ya kuoa, na kila Jumapili alilifuta kwa fulana zake kuukuu. Mke aliliita mke mwenza. "Leo ulikuwa zamu kwa mwenzangu?" humtania akichelewa kurudi, naye hujibu, "Yule hanuni." Hawakujaliwa mtoto. Pale uani walikuwa wao wawili, gari, na mama mkwe katika chumba cha nyuma, ambaye masikio yake yalikuwa yamefunga duka zamani.

Baada ya mazishi shemeji, mdogo wa marehemu, alisimama mbele ya jamaa akasema gari ni mali ya ukoo, na mali ya ukoo hushikwa na mwanamume. Jamaa walitazama viatu vyao. Shemeji alitaka kulikodisha kwa ajili ya harusi. "Maharusi wanapenda vitu vya kale," alisema, "mradi si wao wenyewe." Kikwazo kilikuwa kimoja. Gari lisilo na taa halipiti ukaguzi, na lisilopita ukaguzi halitoki barabarani.

"Likiwaka tu, shemeji," alimwambia mjane, "naondoka nalo."

Kwa hiyo kila jioni gari lilipobaki giza, ilikuwa jioni yake. Hufungua mlango wa nyuma akaketi. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimesukumwa nyuma kabisa, kwa ajili ya miguu mirefu ya mwenyewe, na hakutaka kukigusa. Aliketi akiwa amebanwa magoti, akaridhika.

Mafundi walikuja wakaondoka. Mmoja alibadilisha betri, mwingine swichi. Wa tatu alisema gari limerogwa, akaomba nauli. Mwishowe shemeji alimleta fundi umeme aliyeitwa Fyuzi, kwa sababu hasira zake zilikatika upesi na hazikuunguza kitu. Alikuwa rafiki wa marehemu, na ndiye pekee aliyemwamkia mjane kabla ya kuliamkia gari.

Fyuzi hakuwa na haraka. Alisugua soketi kwa msasa, akatoa kutu kwenye viungo, akafuata kila waya kwa taa ndogo ya kujaribia. Umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukafika kwenye swichi, ukafika hadi kwenye balbu. Hapo ulisimama.

"Unafika mlangoni, hauingii," alisema. "Umeme ni kama mtu wa safari, dada. Hauondoki bila kujua utarudi wapi. Unakwenda kwa waya, unarudi kwa bodi, bati lenyewe la gari. Hapa umekosa pa kurudi."

Akafunga waya mpya kutoka kwenye bodi hadi kwenye betri, mnene kama kidole. Bado giza. Akainama mbele ya taa, uso karibu na kioo. Mjane, aliyemletea maji ya kunywa, akaegemeza mkono kwenye boneti ili amfikishie kikombe.

Taa ziliwaka usoni mwa Fyuzi.

"Toa mkono," Fyuzi alisema, macho yamefumbwa. Zikazimika. "Shika." Zikawaka. "Jaribu kwa kidole." Kwa kidole zilififia kidogo, lakini ziliwaka. Mjane alihisi uvuguvugu ukipanda mkononi, na ladha ya kijiko mdomoni. Fyuzi akaingia ndani, akawasha indiketa, kisha akashuka akamshika mjane kifundo cha mkono, kama muuguzi. Indiketa iliwaka na kuzimika sawasawa na mapigo ya moyo wake.

"Ulikuwa unarudi kwa marehemu," Fyuzi alisema. "Sasa unarudi kwako."

"Inatengenezeka?"

"Hakuna kilichoharibika."

Wakasikia lango likifunguliwa. Mjane alirudi nyuma, mikono mgongoni. "Usimwambie, kaka," alisema. "Nakuomba."

"Kusema uongo sijui. Kunyamaza naweza."

Shemeji akaingia akizungusha funguo kidoleni. "Vipi, fundi? Mgonjwa anasemaje?"

"Waya zote nzima."

"Mbona haliwaki, basi?"

"Mimi nikiligusa, haliwaki," alisema Fyuzi, akakunja vifaa vyake.

Tangu hapo mjane hakuketi tena ndani ya gari. Shemeji sasa alikuwa ameanza kuacha swichi imewashwa, kama anayemwachia mgeni mlango wazi, na haikujulikana atatokea saa ngapi. Mjane alilizunguka kwa mbali. Alihamisha kamba ya nguo ili upepo usimsukumie shuka akajikwaa, akaligusa. Mama mkwe alipomtuma kufuta vumbi kwenye bampa, alitumia ufagio mrefu wa mti, shingo kaigeuza, kama mtu anayefukuza nyoka.

Shemeji naye alichoka kusubiri. Alikuja jioni moja mawingu yamefunga, umeme wa mtaa mzima umekatika, akasema atalipeleka gereji kubwa hivyo hivyo, kwa njia za uchochoroni. Aliingia kwenye gari akafunga mlango. Injini iliitika mara moja. Yule mke mwenza hakuwahi kununa kweli. Akaweka gia ya kurudi nyuma.

Mjane alikuwa amesimama kando ya ukuta. Aliona gari likianza kurudi, jeusi ndani ya weusi. Kisha aliona kitu cheupe nyuma yake. Mama mkwe alikuwa ametoka kuanua shuka kabla ya mvua, na kamba ya nguo sasa ilikuwa pale pale mjane alipoihamishia, kwenye njia ya lango. Bibi alikuwa amewapa mgongo, anahangaika na vibanio.

"Mama!" mjane aliita. "Shemeji, simama!" Bibi hakusikia. Shemeji alisikia makelele tu, akadhani anazuiwa kuondoka na gari. Akakanyaga mafuta.

Mjane alikimbia, akaweka viganja vyote viwili juu ya buti la nyuma.

Taa ziliwaka zote, nyekundu na nyeupe. Ua ulijaa mwanga, na nyuma ya gari, hatua moja, alisimama mama mkwe kajifunika shuka kifuani. Shemeji alimwona kwenye kioo. Gari lilisimama.

Mama mkwe aligeuka, akatazama zile taa kwa muda.

"Kumbe limepona," alisema.

Mjane akatoa mikono. Giza likarudi. Shemeji alishuka, akamtazama mjane, akalitazama gari.

"Shika tena," alisema.

Akashika.

Jamaa waliitwa tena. Shemeji aliwaonyesha: mjane akishika, akiachia. Walitikisa vichwa kama watu wanaoonyeshwa pasi mpya ya umeme. Fyuzi, aliyeitwa kama shahidi, aliomba kusema.

"Wazee, si inaonekana gari ni la nani?"

"Inaonekana umeme unarudi kwa nani," shemeji alijibu. "Gari ni la ukoo. Na yeye si wa ukoo? Au tumemfukuza?"

Jamaa wakaona hilo ni jibu. Mama mkwe aliombwa neno kwa ishara. Alimshika mjane mkono, akaubusu. "Huyu ni mtoto wangu. Ameniokoa roho," alisema. "Atakwenda na gari. Shemeji yake atamwendesha vizuri."

Siku ya ukaguzi mjane aliketi nyuma, mkono kwenye bolti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Mkaguzi alizunguka, akainama, akaandika. "Indiketa zinakimbia sana hizi."

"Tulia, shemeji," alisema shemeji bila kugeuka. "Vuta pumzi."

Mjane akavuta pumzi. Indiketa zikapungua mwendo. Mkaguzi akagonga muhuri, akawatakia safari njema.

Shemeji ni mfupi. Alisukuma kiti cha dereva mbele kabisa, na nyuma sasa magoti ya mjane hayabanwi. Huenda naye kwenye kila harusi, kando ya bibi harusi. Wengine humsalimia, wengine huweka mashada juu ya miguu yake. Jumamosi hii wanatakiwa kanisani saa tisa, na mpiga picha ameagiza avae nguo nyeusi na ainame, asitokee pichani.