Ukoo wa Mwenye Maziwa

Shule zingefunguliwa Jumatatu, na Trizah alikuwa ameapa kutomwacha shangazi yake Celestine peke yake huku Subukia. Programu ya kwanza ya simu ya kutafuta wachumba ilijaa wanaume wa Nairobi. Ya pili ilitafuta walio karibu, ikaleta wawili: binamu ya Celestine, Sydney, aliyejiita mfanyabiashara wa Dubai, na Makhanu, anayekusanya maziwa kila asubuhi.

"Makhanu ameandika nini?"

"Ukoo wa babake, wa mamake na wa nyanyake. Picha ni ya ng'ombe. Shangazi, huyu hajui mapenzi."

 Miaka mitatu Celestine alikuwa akimuuzia Makhanu maziwa bila kuthubutu kumuuliza ukoo, maana kwao watu wa ukoo mmoja hawaoani, na mwanamke akiuliza hilo, ameshaposa.

"Koo zote tatu si zetu," alisema polepole.

"Nimbonyezee alama ya moyo?"

"Wacha simu. Anapita kesho."

Kulipopambazuka, Trizah alichungulia dirishani kwa uzito wa hakimu. Shangazi, ambaye siku zote huacha mtungi langoni na kurudi ndani, alikuwa amesimama kando ya mtungi na vikombe viwili vya chai.